Maziwa yalitoka, mtoto hayupo, na mume wangu haongei

Shangazi shikamoo. Mi ni msomaji wako wa siku nyingi ila sijawahi kuandika, naomba jina langu usiliweke. Nina miaka 28, naishi Tanga mjini, nimeolewa, mume wangu ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, tuna binti mmoja yuko darasa la kwanza.

Miezi mitano iliyopita nilikuwa na mimba ya wiki 35. Siku hiyo tangu asubuhi mtoto hachezi, nikanywa maji ya baridi, nikalala ubavu, nikasubiri, kimya. Mchana tukaenda hospitali, wakapima, wakapima tena, yule daktari akamwita mwenzake, halafu wakaniambia mapigo hayasikiki. Nikaanzishiwa uchungu na nikajifungua kawaida kabisa, yaani uchungu uleule wa kila mtu, kusukuma kulekule, ila mwisho wake hakuna kilio. Alikuwa wa kiume. Nilionyeshwa harakaharaka kashafunikwa, mpaka leo nakumbuka mguu mmoja tu. Nikaanza kulia, nesi akaniambia nyamaza utawatisha wenzako.

Mume wangu, baba yake na kaka zake ndo walienda kuzika. Mi niko wodini. Sijui kaburi liko upande gani, sijui amefanana na nani, sijui chochote. Nyumbani hakuna tanga lililokaliwa, mama mkwe alisema mtoto ambaye hakulia hakaliwi tanga, majirani wakaja kunipa pole ya mimba kuharibika wakanywa chai wakaondoka. Nilisikia kwamba hata swala ya jeneza hakuswaliwa na hilo linaniuma mpaka basi.

Shangazi, siku ya tatu maziwa yakajaa. Hakuna mtu aliyeniambia kwamba yatakuja. Niliamka alfajiri kifua kigumu hakigusiki, gauni limelowa lote, nikalia mpaka mume wangu akanyanyuka akatoka nje. Na hata baada ya mwezi, mtoto wa jirani alilia tu ukuta wa pili, nikasikia yanachuruzika. Niliona mwili wangu unanifanyia makusudi.

Halafu nifasi, ile damu ya baada ya kujifungua ambayo mwanamke haswali nayo. Siku zile ndo nilimhitaji Mungu kuliko siku zote za maisha yangu na ndo siku ambazo sisali. Damu ilipokatika nikaoga nikatandika msala, nikasimama, sikusikia kitu. Naswali kwa mazoea tu. Kila mtu ananiambia subira, usilie, machozi yako yanamtesa mtoto huko aliko.

Mume wangu siku ya nne alirudi karakana. Hajawahi kumtaja mtoto hata mara moja. Nikianza mimi, anachukua kofia anaenda msikitini anarudi baada ya isha kalala kila mtu. Mama mkwe alitaka kuzigawa nguo za mtoto kwa wifi yangu mwenye mimba, mume wangu akakataa kwa ukali ambao sijawahi kumuona nao, akazifungia kwenye sanduku lake la vifaa, lakini hakusema kwa nini. Sasa hivi mama mkwe anasema nibebe mimba nyingine upesi ili nisahau.

Naomba unijibu ukweli. Wiki ile bomba lilikatika nikabeba ndoo za maji kutoka kwa jirani, na usiku mmoja tuligombana na mume wangu nikalala na hasira. Je, ni mimi niliyemuua? Kulia kwangu ni dhambi? Na huyu mume hana uchungu au mi ndo nimezidi?

Mama bila mtoto, Tanga

MAJIBU YA SHANGAZI

Marahaba mwanangu. Pole sana kwa msiba. Umefiwa na mtoto wako wa kiume, na mtu aliyefiwa hupewa pole ya msiba, basi ichukue kutoka kwangu kama hukuipata kwa wengine.

Nimefanya kazi leba miaka mingi kabla ya kustaafu, na swali lako la kwanza nimelisikia karibu kutoka kwa kila mama aliyetoka mikono mitupu. Kuna aliyesema ni kwa sababu alipanda bodaboda, kuna aliyesema alikula nanasi, mwingine alimkemea mama yake. Wewe una ndoo na ugomvi. Hapana mwanangu, ndoo ya maji ya nyumbani haimuui mtoto wa wiki 35, wala kulala na hasira hakumuui, ingekuwa hivyo mji mzima usingekuwa na watoto. Duniani kila mwaka wanazaliwa karibu watoto milioni 2 wakiwa wameshafariki baada ya wiki ya 28 ya mimba, na sababu zinazojulikana ni presha ya mimba, kondo la nyuma kubanduka kabla ya wakati au kushindwa kumlisha mtoto vizuri, malaria, kaswende, kisukari, uchungu uliokwama, kasoro za mtoto mwenyewe. Na wapo wengi ambao hata hospitali kubwa zenye kila kipimo hazipati jibu. Kwa hiyo inawezekana hutajua kamwe nini kilitokea, na hilo ni zito, najua, maana mtu akikosa sababu anajifanya yeye mwenyewe kuwa ndo sababu.

Nikukumbushe kisa ambacho umekisikia madrasa. Siku aliyofariki Ibrahim, mtoto mdogo wa Mtume (s.a.w.), jua lilipatwa. Watu wakasema limepatwa kwa sababu ya kifo cha Ibrahim. Mtume, naye yuko kwenye msiba wa mwanawe, akawasahihisha, akasema jua na mwezi ni alama mbili katika alama za Mwenyezi Mungu, hazipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuishi kwake. Mimi nikikisoma kisa hiki naona kwamba hata siku ya uchungu mkubwa namna ile hakuruhusu watu waunganishe mambo mawili kwa sababu tu yametokea siku moja. Ndoo zako na kifo cha mwanao vimetokea wiki moja. Basi, imeishia hapo.

Sasa maziwa. Nimekasirika kidogo kusoma kwamba hukuambiwa, kwa sababu kumwambia mama kabla hajaruhusiwa ni dakika mbili tu. Mwili hausubiri kusikia kilio ndo utengeneze maziwa. Wakati wote wa mimba homoni inayoitwa prolaktini inakuwa inaandaa matiti, ila homoni nyingine, projesteroni, inayazuia maziwa yasijae, na hiyo inatoka kwa wingi kwenye kondo la nyuma. Kondo likishatoka, projesteroni inaanguka ghafla, kizuizi kimeondoka, na kati ya siku ya pili na ya nne maziwa yanajaa, awe mtoto yupo au hayupo. Na yale ya kuchuruzika ukisikia mtoto wa jirani ni oksitosini, inaachiliwa na ubongo kwa sauti tu, au hata kwa kumuwaza mtoto. Mwili wako haukukufanyia makusudi. Ulikuwa umejiandaa kumlisha mwanao, na habari ya kifo chake haikuwa na njia ya kuufikia haraka kama ilivyokufikia wewe.

Kwa wanaosoma hapa ambao bado wako kwenye siku hizo: vaa sidiria inayoshika vizuri bila kubana, weka kitambaa cha maji baridi, ukizidiwa kamua kidogo tu kupunguza maumivu, usikamue mpaka kuisha maana ndo unayaita mengine. Ukiona titi jekundu, la moto, na homa, nenda hospitali. Na wewe mwandishi, kama mpaka leo miezi mitano bado yanatoka mengi, kamuone daktari.

Mfuko wa uzazi nao, mara tu baada ya kujifungua unakuwa na uzito wa kama kilo moja, halafu kwa wiki sita hivi unasinyaa mpaka gramu 60 au karibu na hapo. Mwili wako umefanya kazi yote hiyo ya mzazi, kuvuja damu, kusinyaa, kujaza na kukausha maziwa, na hakuna aliyekupikia uji wa pilipili manga wala kukukanda kwa sababu hukuwa na kichanga cha kuonyesha. Ulikuwa mzazi kama wazazi wengine na ulistahili kulelewa.

Kuhusu nifasi na kumkosa Mungu. Mwanangu, swala iliondolewa, mlango haukufungwa. Dua, dhikri, istighfari, kumsalia Mtume, vyote vilikuwa vyako hata damu inatoka, na zile swala za nifasi huna deni nazo, hazilipwi. Msome Bi Maryam kwenye sura yenye jina lake. Uchungu ulimpeleka kwenye shina la mtende, yuko peke yake, akasema laiti ningekufa kabla ya haya. Ni mwanamke mtukufu anasema hivyo, na Qurani imemhifadhia maneno yake, haikuyafuta. Na alijibiwa nini? Hakupewa mawaidha ya subira. Aliambiwa kuna kijito cha maji chini yako, tikisa shina la mtende zikuangukie tende mbivu, kula, kunywa, na utulie. Alipewa chakula na maji kwanza. Kwa hiyo ukisimama kwenye msala husikii kitu, usijihukumu kuwa imani imekufa, huenda una usingizi wa miezi mitano unaokudai na damu iliyopungua. Kapime wingi wa damu, kula vizuri, lala. Swali hivyohivyo kavukavu, swala ya mtu aliyechoka ni swala.

Halafu kulia. Yule Ibrahim niliyemtaja alipokuwa anakata roho, macho ya Mtume yalitiririka. Abdurrahman bin Auf, sahaba wake, akashangaa, hata wewe? Akajibiwa kwamba hii ni rehema, kisha akasema jicho linatoka machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Imo kwenye kitabu cha hadithi cha Bukhari. Kilichokatazwa ni kujipiga mashavu, kuchana nguo na kupiga mayowe ya kumlaumu Mungu. Na hao wanaokwambia machozi yanamtesa mtoto, wanatoa kwenye riwaya ya maiti kuadhibiwa kwa kuliliwa na watu wake, ila wawe wanaimalizia, kwa sababu Bi Aisha aliposikia inasemwa hivyo aliipinga, akatoa aya kwamba hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine. Sasa mtoto ambaye hajafanya hata dhambi moja abebe mzigo wa machozi ya mama yake? Lia mwanangu.

La kuswaliwa. Wafuasi wa Imam Shafi, ambao ndo wengi huku pwani, msimamo wao unaojulikana ni kwamba mtoto aliyetimiza miezi minne tumboni akatoka bila dalili ya uhai anaoshwa, anakafiniwa na kuzikwa, ila haswaliwi, na wafuasi wa Imam Ahmad wao wanamswalia. Ni tofauti ya kifiqhi, yaani ya sheria za dini, ya zamani sana. Kwa hiyo waliomzika mwanao hawakumdharau, walifuata walichofundishwa. Na ujue ile dua ya jeneza la mtoto mdogo kwa kiasi kikubwa inawaombea wazazi wake, Mungu amfanye awe akiba iliyowatangulia. Hiyo unaweza kuiomba leo, jikoni kwako. Halafu masheikh wa Kishafi wamesema inapendeza mtoto kama huyu apewe jina. Hukuniandikia jina lake, nadhani hana. Lifikirie hilo, nitalirudia.

Nakuja kwa mumeo, na hapa nataka usome taratibu maana ndo moyo wa barua yako.

Wewe ulimjua huyu mtoto akiwa hai. Ulijua saa anazocheza, ulijua anashtuka adhana ya alfajiri au hashtuki, ulijua ubavu gani anapenda kujibanza. Mumeo hakujua hayo, labda alishika tumbo mara chache. Yeye amemjua akiwa maiti. Alipewa kitu cha kilo mbili na nusu hivi kimefungwa nguo nyeupe, akakibeba mbele ya baba yake na kaka zake ambao hakuweza kulia mbele yao, huenda ni yeye aliyeshuka kaburini kumpokea na kumlaza kwenye mwanandani kwa mikono ileile ambayo siku ya nne ilirudi kushika chuma. Sura ambayo wewe unaililia kwamba hukuiona, yeye huenda anaiona kila akifumba macho. Na kukuona wewe unavuja maziwa, ndo hilo likamtoa nje.

Unauliza kama hana uchungu. Mwanangu, mtu asiye na uchungu hafungii nguo za mtoto kwenye sanduku la vifaa.

Nabii Yaqub alipompoteza Yusuf, Qurani inasema aliwapa watu wake kisogo, akasema ee majonzi yangu juu ya Yusuf, na macho yake yakawa meupe kwa huzuni aliyokuwa akiizuia. Baba, mtume wa Mungu, mtu wa subira njema, huzuni ya kuizuia ikampofusha macho. Mumeo naye kakupa kisogo na anaizuia. Na huzuni ya kuzuiwa inaingia mwilini kweli, kuna watu mapigo yanaenda mbio, presha inapanda, tumbo linavurugika, usingizi unakata. Madaktari wa Japani mwaka 1990 walieleza hali ambapo msiba au mshtuko unaulegeza moyo ghafla mpaka mtu anaonekana kama kapata shambulio la moyo, japo mishipa yake haijaziba. Inawapata zaidi wanawake waliokwisha kukoma hedhi, ila kwako au kwake, maumivu ya kifua yasichukuliwe kuwa ni mawazo tu, mkapimwe.

Kwa hiyo kila mmoja wenu ana nusu ya mtoto na anamficha mwenzake. Nakushauri usimuulize "mbona huongei", maana hilo analisikia kama shtaka na atachukua kofia tena. Chagua siku ambayo binti yenu yuko kwa bibi yake, muda ambao siyo wa swala ili asipate pa kukimbilia, keti naye, mwambie: mimi sikuwepo mlipomzika, nisimulie. Usimkatize. Alikuwa na nywele? Amefanana na nani? Kaburi liko karibu na la nani? Huenda siku ya kwanza akasema maneno matatu akanyamaza, mwache. Halafu na wewe mpe nusu yako, mwambie alikuwa anachezaje, mwambie yale maziwa yalikuwa nini, maana wanaume wengi hawajui kabisa, wanaona tu mke analia na gauni limelowa. Mkiweza siku hiyo au nyingine, mpeni jina pamoja. Na mwombe akuonyeshe kaburi, hata kama ni kwa kukuelekeza ukiwa nje ya ukuta, wanawake kuzuru makaburi masheikh wametofautiana na wengi wanaruhusu kwa adabu, muulizeni sheikh wenu. Zile nguo zibaki alikoziweka mpaka nyote wawili mkubaliane. Wifi atanunua nyingine.

Binti yenu pia msimsahau, mtoto wa darasa la kwanza alikuwa anasubiri mdogo wake na nina hakika ameona kila kitu. Mwambieni wazi kwamba mdogo wake amefariki, msimwambie amelala au amesafiri, ataogopa kulala.

Kuna jambo nataka ulijue, sikuandikii kukubembeleza, ni kitu kimepimwa. Wakati wa mimba seli chache za mtoto huvuka kondo la nyuma zikaingia kwenye damu ya mama, na nyingine hubaki. Mwaka 1996 watafiti Marekani walitangaza kwamba wamekuta seli za kiume kwenye damu ya mama aliyemzaa mtoto wa kiume miaka 27 nyuma. Kwa hiyo inawezekana kabisa kuna kitu cha mwanao kwenye mwili wako sasa hivi. Na Ibn Majah amepokea hadithi kwamba mtoto wa mimba iliyotoka atamvuta mama yake kwa kitovu chake mpaka peponi, akiwa mama alitarajia malipo kwa Mungu. Wanazuoni wameijadili nguvu ya sanadi yake, yaani mlolongo wa waliyoipokea, nami sijui kuamua hilo, nakuachia kama nilivyoisoma.

Mama mkwe mwambieni, na aseme mumeo siyo wewe, kwamba mimba ya pili haifuti ya kwanza. Yai linaweza kupevuka hata wiki nne baada ya kujifungua kama hunyonyeshi, kwa hiyo kama hujawa tayari tumieni uzazi wa mpango, msiache iwe bahati. Usianze kabla hujapimwa presha, sukari, kaswende, wingi wa damu na kundi la damu, na mumeo apimwe kaswende pia. Ukishika mimba anza kliniki mapema kabisa, mwambie mkunga siku ya kwanza kwamba ulijifungua mtoto aliyefariki, asikie kwa mdomo wako hata kama imeandikwa kwenye kadi, na mtoto akipunguza kucheza saa yoyote, hata usiku wa manane, nenda moja kwa moja usipitie maji ya baridi.

Na kama kuna siku unaamka unatamani usingeamka, au wiki mbili zinapita hulali na huli na hata binti yako humuoni, hiyo ni hatari na ina tiba. Hospitali ya mkoa kuna kliniki ya afya ya akili, mwambie mumeo akupeleke, siku hiyohiyo kama ni mawazo ya kufa, na mkifika aingie naye chumbani akae, na yeye aulizwe analala vipi.